Muhuri wa Mti wa Mkunazi

Namwon, 28 Novemba 2016

Mpwa wangu Seon-yeong,

Baridi imewahi mwaka huu, na nasikia sakafu za mahabusu hazipati moto wa kutosha. Nimekuletea jozi nne za soksi za sufu na fulana mbili za mikono mirefu. Askari wa zamu alizipokea dirishani akasema wewe hukutaka kuonana na mtu. Sikulaumu. Lakini mimi ndiye ndugu pekee wa marehemu mama yako, na kwa miaka thelathini na moja nilikaa katika ofisi inayotazamana na mahakama nikiwaandikia watu hati zao. Ninachokijua duniani ni karatasi, basi nivumilie nikueleze kwa karatasi.

Polisi wameniambia hivi. Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, saa nane mchana, nyuma ya mgahawa wenu wa supu ya samaki wa tope, ulimpiga mumeo Ma Chang-uk kichwani kwa jiwe la kukandamizia kabichi. Mara tatu. Akafa kabla gari la wagonjwa halijavuka daraja. Walikukuta umekaa chini, nywele zinachuruzika maji ya chumvi, na ulipoulizwa ulisema, "Ni mimi." Sasa unashtakiwa kwa kuua.

Sheria yetu inamruhusu mtu kujilinda, lakini mlango iliomfungulia ni mwembamba kama wa banda la kuku. Mtu akikupiga nawe ukarudisha, polisi huandika "wamepigana" na kuwapeleka wote wawili. Ndiyo maana wazazi wengi huku huwaambia watoto wao: ukipigwa, weka mikono mfukoni mpaka amalize. Na hata ukikubaliwa kwamba ulijilinda, hakimu atahesabu. Pigo la kwanza atalielewa. La pili atakuuliza. La tatu ndilo atakalokufungia.

Kwa hiyo anza leo kumwandikia hakimu barua za majuto. Kila mshtakiwa huandika, na asiyeandika huonekana ana moyo wa jiwe. Moja kila wiki, kwa mkono wako, bila kufutafuta. Karani huzishona kwenye faili, na faili nene humlainisha hakimu. Usibishe, wala usimtaje marehemu kwa ubaya. Nyumba inayovuja huezekwa upya, haichomwi moto. Maneno ya namna hiyo ndiyo wanayopenda kuyasikia.

Tarehe kumi na mbili Januari ni siku ya kumkumbuka mama yako. Nitaandaa meza ya tambiko, na nitaweka bakuli moja la wali kwa niaba yako.

Mjomba wako,
Tak Byeong-gil


Jeonju, mahabusu, 6 Desemba 2016

Mjomba,

Naanza kwa kukuinamia, kwa kuwa nililelewa hivyo. Soksi nimezipata. Moja nimempa mwenzangu wa upande wa kushoto ambaye ana mguu mmoja tu unaouma.

Umeniandikia wasemayo polisi. Sasa soma nilichokiona mimi.

Nilikuwa natia chumvi kabichi themanini za kuchachusha kimchi ya majira ya baridi. Simu ikalia, mteja akauliza kama Jumapili tutafungua, akatania kidogo, nikacheka. Chang-uk alikuwa kwenye ngazi na chupa yake. Akasema, "Cheka tena." Nikaendelea kutia chumvi. Akasema, "Mwenzio amekusikia ukicheka, na mimi nina masikio. Cheka." Akanikamata nywele, akanizamisha kichwa kwenye lile beseni kubwa jekundu. Maji ya chumvi yanaingia puani kama sindano, Mjomba. Akanitoa. "Haya, cheka." Akanizamisha tena, na safari hii goti lake lilikuwa mgongoni mwangu. Nilisikia ubavu ukivunjika, maana chini ya maji sauti ya mfupa husikika vizuri. Mkono wangu ukapapasa pembeni ya beseni, ukapata jiwe.

La kwanza lilimpata kwenye panja. Hakuachia. La pili lilizama, nikajua limezama. Akaachia nywele, akapiga magoti, lakini akashika kamba ya aproni yangu akaivuta kwake. Nikampiga la tatu. Damu ilimwagikia kabichi, zikaenda kutupwa zote.

Unataka nijutie lipi? Najutia kabichi.

Na usiniwekee bakuli mbele ya mama. Unajua sababu. Mwaka 2011, Chang-uk aliponivunja taya, nililala hospitali wiki tatu, meno yamefungwa kwa waya, nanyonya uji kwa mrija. Polisi walikuwa wamemshika, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nililala usingizi bila kusikiliza mlango. Siku ya tisa mlango wa wodi ukafunguliwa, akaingia yeye na matunda ya peasi mkononi. Polisi walikuwa na karatasi yenye muhuri wangu, ule ninaoupiga badala ya sahihi, inayosema nimemsamehe na sitaki aadhibiwe. Muhuri wangu wa mti wa mkunazi ulikuwa kwenye kopo la biskuti la mama, pamoja na nyuzi zake. Nani mwingine alijua ulipo? Nilimuuliza mama kwa miaka minne. Alinitazama tu, kisha akaendelea kushona. Alikufa bila kunijibu. Mama yangu alinirudisha kwa mtu yule kwa mkono wake, na sitamchomea ubani.

Seon-yeong


Namwon, 19 Desemba 2016

Mpwa wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Kuhusu mama yako sitasema kitu. Wafu wana masikio.

Tuseme kuhusu kesi. Wakili wako, binti Bang, ni wa kupangiwa bure na mahakama na bado kijana, lakini ni makini. Nilizungumza naye kwa simu. Yeye anataka mseme ulijilinda tangu pigo la kwanza hadi la tatu. Nimewaona wengi wakisema hivyo na sikumbuki hata mmoja aliyerudi nyumbani. Mahakama zetu zina tabia hii: hazimwamini mtu aliye na haki mikononi mwake na maiti miguuni pake. Humpenda aliyeinama. Utabisha kwamba kuinama si kujuta. Kweli, si kitu kimoja. Nilimwandikia mteja mmoja barua sitini za majuto, na katika ya arobaini nilisahau nikaweka jina la mshtakiwa mwingine. Hakimu hakugundua, ila alisema hukumuni kwamba ameguswa na wingi wake.

Fuata mfano huu: "Pigo la pili na la tatu nilipiga kwa hasira, na hasira hiyo naijutia usiku na mchana." Mwenye hasira iliyokiriwa huhurumiwa. Asiyekiri huogopwa. Ukikosea hapa ni miaka kumi na tano, mpwa wangu, nawe una arobaini na mmoja.

Mjomba wako,
Tak Byeong-gil


Jeonju, 17 Januari 2017

Mjomba,

Nakuinamia. Nimeandika sita, zote kwa mfano wako. Ile miaka kumi na tano iliniamsha alfajiri tatu mfululizo.

Tuko saba katika chumba cha watu wanne. Mkubwa wetu ni Dada Heo, aliyeuza nyumba moja kwa watu watano. Yeye ndiye huwatungia wengine barua za majuto, na malipo yake ni kukandwa mabega. Jana alisoma yangu akasema, "Hii imeandikwa na mtu wa ofisini. Mtu anayejuta kweli huchafua karatasi."

Nikamwambia, "Wewe unajutia nini, Dada?"

"Najutia yule mnunuzi wa tano. Wanne wa kwanza walikuwa wapole."

Tulicheka, na nilipocheka nikajikuta nimeshika nywele zangu mwenyewe kwa mikono miwili.

Juzi wawili waligombania sehemu iliyo mbali na choo. Mdogo akamng'ata mwenzake sikio mpaka kipande kikabaki mdomoni, akasimama nacho hajui akiteme wapi. Mwenye sikio hakurudisha hata kofi. Alikaa, damu inamshuka shingoni, anapiga kelele, "Mmeona, sikumgusa. Nyote ni mashahidi, sikumgusa." Nikakumbuka ulichoniambia kuhusu mikono mfukoni.

Kwenye televisheni wanaonyesha watu wenye mishumaa wakijaza barabara za Seoul, wanataka rais aondoke. Dada Heo anasema hawatafika popote. Mimi sijui.

Tarehe kumi na mbili, siku ya mama, ilipita. Sikumlilia.

Seon-yeong


Namwon, 11 Machi 2017

Mpwa wangu,

Bila shaka mmeona. Jana majaji wanane, wote kwa sauti moja, wamemwondoa rais. Nilisikiliza hukumu kwa kinyozi. Kinyozi alisimamisha wembe shingoni mwangu dakika ishirini na moja, wala sikuthubutu kumeza mate. Ilipokwisha mzee mmoja akalia kwa furaha na mwingine akatupa kiti. Mimi nilifikiria hivi: mwenye nchi anaweza kuondolewa kwa karatasi iliyosomwa polepole, lakini mwenye nyumba, katika nyumba yake, haondoleki. Kwa yule tuna katiba. Kwa huyu tuna methali.

Samahani, nimetoka nje ya njia. Kesi yako inasikilizwa tarehe ishirini na mbili. Vaa fulana nyeupe ndani. Ukiulizwa, jibu kwa ufupi, tazama meza, usimtazame mama wa Chang-uk. Nitakaa safu ya nyuma.

Mjomba wako,
Tak Byeong-gil


Jeonju, 24 Machi 2017

Mjomba,

Ulikuwapo. Uliona. Lakini uliondoka kabla hawajanirudisha garini, kwa hiyo nakueleza ulichokimbia.

Mwendesha mashtaka, yule kijana mwenye miwani, alifungua faili langu nene ulilonishauri. Akasoma kwa utulivu: "Mshtakiwa ameandika mara kumi na tano, kwa mkono wake, 'Pigo la pili na la tatu nilipiga kwa hasira.' Hakuandika kwa hofu. Ameandika kwa hasira." Wakili Bang akainuka, akakaa. Kumi na tano, Mjomba. Kila wiki nilijifunga kidogo zaidi.

Kisha akatoa karatasi ya 2011. Sikuwahi kuisikia ikisomwa. "Mimi ndiye niliyemchokoza kwa ulimi wangu. Mume wangu si mkatili, nami nimemsamehe kwa moyo mkunjufu. Nyumba inayovuja huezekwa upya, haichomwi moto." Akaishusha akasema, "Huyu ndiye mume ambaye leo tunaambiwa alikuwa mnyama. Mke mwenyewe alimtetea, na muhuri wake huu hapa."

Mama alisoma mpaka darasa la nne. Hakuwa na maneno hayo. Niliporudi nilitoa barua yako ya kwanza chini ya godoro. Mstari ule ule, nukta kwa nukta.

Ni wewe uliyeiandika?

Seon-yeong


Namwon, 30 Machi 2017

Mpwa wangu,

Ndiyo, niliiandika mimi. Ilikuwa kazi yangu, na siku zile niliamini nakuokoa. Mama yako alileta muhuri. Alilia sana. Usimhukumu, aliogopa mtabaki bila mgahawa na bila jina.

Mgongo unaniuma, siwezi kuandika zaidi.

Tak Byeong-gil


Jeonju, 5 Aprili 2017

Leo ni Hansik, siku ya makaburi. Utakwenda kilimani kung'oa magugu kwenye kaburi la mama, kama kila mwaka. Usilitaje jina langu pale. Yeye alishika muhuri, wewe ukashika kalamu, na mimi nilikuwa nimefungwa mdomo kwa waya. Nimemalizana nanyi nyote wawili.

Usilete nguo tena.

Pyo Seon-yeong


Namwon, 10 Aprili 2017

Seon-yeong,

Nilikwenda kilimani. Nilichukua mundu na chupa ya pombe ya mchele, nikapiga magoti, na sikuweza kumimina. Nimeshuka na chupa ikiwa imejaa. Barua ya tarehe thelathini ni uongo katika jambo moja, na jambo hilo ndilo kila kitu.

Mama yako hakuleta muhuri. Alikataa.

Tarehe kumi na tisa Aprili 2011 Chang-uk, aliyekuwa ametoka polisi kwa dhamana lakini amekatazwa kukukaribia, alikuja ofisini kwangu. Alipiga magoti sakafuni mbele ya wateja, akakaa hivyo saa tatu, analia, kamasi zinamtoka. Wateja wakaanza kunitazama mimi badala yake. Kesho yake nilikwenda kwa dada yangu nikamwomba muhuri wako. Alikuwa anakatakata figili. Akaniambia, "Kaka, mwanangu ananyonya uji kwa mrija. Ukitaja tena karatasi, nitakukata wewe." Nikamwambia mwanamke mwenye mume gerezani hana mlango wa kubisha. Akanirushia ubao wa kukatia, ukanipiga hapa juu ya jicho. Kovu lile niliwaambia watu ni la kuanguka bafuni. Kisha alitoka kwenda kwako hospitali. Mimi nilibaki na kitambaa usoni, nikafungua kopo la biskuti.

Nakala ya kitambulisho chako nilikuwa nayo tangu tulipoandikisha mkataba wa mgahawa. Niliandika, nikapiga muhuri, nikaurudisha chini ya nyuzi kabla hajarudi. Kwa saa moja tu, yote yalikwisha.

Utauliza kwa nini hakukuambia. Alipojua, alikuja na mwavuli akanipiga nao mpaka ukakunjika. Kisha nikamweleza sheria, kama ninavyopenda kueleza: kughushi hati ni kifungo, na mpwa ndiye atakayesimama kortini kumfunga mjomba wake. Nilimwomba kwa jina la baba yetu. Hakusema na mimi tena mpaka anakufa, lakini alinihifadhi. Ulipomuuliza, akakutazama na kushona, alikuwa akichagua kati yako na mimi, na kila mara alichagua vibaya kwa sababu nilimfungia njia nyingine. Yeye alibeba lawama yangu mpaka kaburini. Mimi nikamtembelea huko kila mwaka na chupa.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi. Siku ile Chang-uk alipopiga magoti, mikono yake ilikuwa juu ya mapaja. Kwenye vifundo vya vidole vya mkono wa kulia kulikuwa na vidonda viwili vyenye umbo la meno. Meno yako. Niliviona saa tatu nzima. Nilijua ninaandika juu ya nini.

Kosa la kughushi hufa likifikisha miaka saba. Langu lingekufa tarehe ishirini Aprili mwakani. Umebaki mwaka mmoja na siku kumi. Nimezihesabu kila mwaka. Asubuhi hii nimepeleka maelezo haya haya, kwa mwandiko wangu, kwa Wakili Bang, kwa hakimu na kwa mwendesha mashtaka. Nimeeleza pia kwamba maneno "kwa hasira" ni yangu, nami sikuwapo siku ile nyuma ya mgahawa.

Sikuombi kitu.

Tak Byeong-gil


Jeonju, 27 Juni 2017

Mjomba,

Nakuinamia. Sikuandika miezi miwili kwa sababu kila nilipoanza nilichana karatasi, na Dada Heo akasema karatasi za chumba zinakwisha.

Hukumu ilisomwa tarehe kumi na sita. Nilikutafuta safu ya nyuma. Wakili Bang akaniambia ulikuwa unahojiwa siku hiyo hiyo, jengo la jirani. Karatasi ya 2011 waliitupilia mbali. Barua zangu hakimu alisema hatazipa uzito, kwa kuwa sauti iliyomo si yangu. Wakili Bang akaonyesha picha ya polisi: kamba ya aproni yangu imezungushwa kwenye ngumi ya marehemu, mara mbili. Hakimu alihesabu, kama ulivyosema. Pigo la kwanza na la pili ni kujilinda. La tatu limepita kiasi, lakini lilipigwa kwa hofu. Miaka miwili, na hii miezi saba niliyokaa imo ndani yake. Mama wa Chang-uk alinirushia kiatu kikanipata mdomoni, nikaonja damu. Sikuweka mikono mfukoni. Nilikiokota nikakirudisha pale alipokaa.

Usiku ule nilimlilia mama. Wenzangu sita walinigeuzia migongo ili nipate faragha, maana humu ndiyo njia pekee ya kumpa mtu chumba.

Jana ofisi ya mwendesha mashtaka imeniletea fomu. Wewe ni mshtakiwa, na mimi ndiye niliyekosewa. Unaijua fomu yenyewe kuliko mtu yeyote: je, aliyekosewa anataka mshtakiwa aadhibiwe, au hataki? Nafasi ya kueleza ina mistari mitano. Askari aliyeileta ni mtu mwema, akaniambia, "Mama, ni mzee wa miaka sabini na minne, tena ni mjomba wako. Wote huandika 'sitaki'. Nikusaidie maneno?"

Nikamwambia maneno ninayo.

Nimeandika hivi: "Nataka aadhibiwe kama sheria inavyosema, isiwe zaidi na isiwe pungufu. Akimaliza, arudi nyumbani, maana kaburi la mama yangu halina mtu mwingine wa kung'oa magugu mpaka nitoke."

Nimekunakilia ili usisikie kwanza kwa mwingine. Ukienda kilimani kabla hawajakuchukua, mimina ile chupa, na jina langu litaje.

Humu hawaruhusu mihuri, kwa hiyo fomu ile na barua hii nimezitia dole gumba. Wino ni mwekundu, umesambaa kidogo pembeni. Lakini hakuna aliyenishikia mkono.

Seon-yeong